Aron wa Kangeq: Mwindaji Aliyechonga Ngano

Hebu tazameni ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani darasani. Juu kabisa, karibu na ncha ya kaskazini, pana kisiwa kikubwa kilichopakwa rangi nyeupe. Hicho ni Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote ulimwenguni. Wengi wetu tukikiona hudhani kuwa huko hakuna mtu, ati ni barafu tupu na dubu weupe. La hasha! Ni kweli barafu imefunika sehemu kubwa ya kisiwa, lakini ukingoni mwa bahari wanaishi watu, nao wameishi huko kwa karne na karne. Hao ni Wainuiti, na wale wa Greenland hujiita Kalaallit. Vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi, nami sitalitumia hapa.

Makala haya yanahusu ngano zao na picha za ngano hizo, hasa picha zilizochongwa kwenye vibao vya mti na kupigwa chapa miaka ya 1858 hadi 1863. Nimezichagua kwa sababu maalum. Aghalabu ngano za watu waliotawaliwa zimeandikwa na mgeni. Padri au afisa husikiliza, huandika daftarini, kisha kitabu hutokea Ulaya. Hata zile ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, zilitoka kitabuni London mwaka 1870. Sisemi kuwa ni vibaya, maana bila yeye huenda tusingezipata. Lakini Greenland mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wenye ngano ndio walioziandika kwa lugha yao, wakazichora kwa mikono yao, na kuzipiga chapa papo hapo nchini mwao.

Kwanza tuzijue ngano zenyewe. Huko kaskazini wakati wa kusimuliana ni majira ya baridi. Mjini Nuuk, mji mkuu wa Greenland, mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa nne hivi tu, kisha giza linarudi. Ukienda kaskazini zaidi, jua halichomozi kabisa kwa majuma mengi. Zamani watu walikaa ndani ya nyumba za mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi, familia kadhaa nyumba moja. Katikati iliwaka taa ya jiwe iliyotumia mafuta ya sili, yule mnyama wa bahari wanayemtegemea kwa nyama, kwa mafuta na kwa ngozi. Hapo ndipo mtambaji alipoanza.

Kalaallit huzigawa hadithi zao mafungu mawili. Kuna oqaluttuat, yaani hadithi za kale zilizorithiwa, na kuna oqalualaarutit, yaani habari za watu wa karibuni ambao babu zao wanaweza kutajwa. Hadithi ya kale haikuchezewa ovyo. Ilitakiwa isimuliwe kwa maneno yale yale kadiri mtu awezavyo. Kwa hivyo mtambaji hakuwa mtu wa porojo. Alikuwa kama mtunzaji wa maktaba, isipokuwa maktaba yenyewe ilikuwa kichwani.

Nitawapa moja niipendayo, ya Kaassassuk. Kaassassuk alikuwa yatima aliyelelewa na bikizee maskini. Alilala ujiani pamoja na mbwa. Wanaume wa kijiji walipotaka kumwinua walimtia vidole puani wakamnyanyua hivyo hivyo, hata mianzi ya pua yake ikawa mikubwa na mwili wenyewe ukabaki mdogo. Alipokula nyama ngumu walisema meno yake yanatafuna mno, wakamng'oa mengine! Siku moja akaenda milimani peke yake, akamwita bwana wa nguvu. Akatokea amaroq, mnyama mkubwa wa kuogofya mfano wa mbwa mwitu. Akamzungushia mkia na kumbwaga chini, puu! Kijana alipoanguka, vijifupa vya sili vikamtoka mwilini vikatawanyika. Mnyama akamwambia kuwa hivyo ndivyo vilivyomzuia asikue. Kila siku akarudi, kila siku akabwagwa, na vifupa vikazidi kupungua, hadi siku ambayo mnyama alishindwa kumwangusha.

Ninachokipenda ni kwamba Kaassassuk hakurudi nyumbani kwa majivuno. Alirudi akaendelea kulala na mbwa na kuinuliwa kwa pua kama kawaida. Bahari ilipoleta gogo kubwa ufuoni ambalo wanaume wote hawakuweza kulivuta, yeye alilibeba usiku akalisimika nyuma ya nyumba, na asubuhi watu wakaulizana nani kafanya hivi. Kisha wakaja dubu watatu juu ya barafu. Hakuna aliyethubutu kuwakabili. Kaassassuk akaazima viatu vya mlezi wake, akatoka, akawaua kwa mikono mitupu. Basi wale waliomtesa wakaanza kumkaribisha: kaa hapa, kula kipande hiki, vaa nguo hii. Lakini yeye hakusahau. Aliwaua waliomwonea, akawaacha hai wale wachache waliomhurumia. Ngano haisemi kama alifanya vyema au vibaya. Leo sanamu yake imesimama mjini Nuuk.

Kuna pia Mama wa Bahari, anayekaa chini kabisa ya maji na kuwamiliki sili na nyangumi. Watu wakivunja miiko, uchafu wa makosa yao humwangukia nyweleni na kuzifanya zisokotane, na wanyama wote hunaswa humo. Juu, wawindaji hukosa chakula. Hapo mganga, yaani angakkoq, husafiri kwa roho hadi chini ya bahari akamchane nywele. Yeye mwenyewe, wanavyosema wengine, hana vidole vya kujichania.

Sasa tumwendee afisa. Greenland ilikuwa koloni ya Denmaki. Mwaka 1848 alifika huko Mdenmaki aitwaye Hinrich Rink, mtaalamu wa miamba, na baadaye akawa msimamizi wa sehemu ya kusini. Rink alijifunza lugha ya Kalaallisut. Aliona kwamba wawindaji walioishi vizuri kwa ujuzi wao walikuwa wakikata tamaa, kwa kuwa kila siku waliambiwa kuwa mambo yao ya kale ni ya kishenzi. Mwaka 1858 akatuma barua iliyosomwa katika vijiji vya pwani. Aliwaomba wenyeji wamletee hadithi walizoziandika, ramani walizozichora na picha walizozibuni.

Hapa lazima tukumbuke kwamba Kalaallit wengi walikwisha kujua kusoma na kuandika lugha yao, kwa sababu wamisionari waliwafundisha ili wasome Biblia. Wamisionari hao hao hawakuzipenda ngano za waganga na mazimwi. Kalamu waliyoitoa kwa ajili ya Injili ikatumika kuandika yale waliyotaka yasahauliwe!

Miongoni mwa walioitikia ni Aron. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1822 huko Kangeq, kijiji cha kisiwani kwenye mlango wa ghuba ya Nuuk. Alikuwa mwindaji wa sili, na mwindaji wa sili ni mtu wa kwenda baharini peke yake ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa ngozi, akiwa na chusa mkononi. Lakini wakati barua ile ilipotoka Aron alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa uliowamaliza watu wengi sana wa pwani hiyo. Hakuweza tena kwenda baharini. Rink akampelekea karatasi, kalamu za risasi, rangi, na vifaa vya kuchongea mbao. Hakuwa amesomea uchoraji popote. Akiwa kitandani alichora zaidi ya picha 200 za rangi za maji, akachonga vibao kama 40, na ngano akaziandika pia.

Pengine msomaji anajiuliza kuchonga picha kwenye kibao ni kazi gani. Wale waliopiga chapa kwa kiazi katika shule ya msingi wanaelewa kidogo. Unachukua kibao kilicholainishwa, unachora picha juu yake, kisha kwa kisu na patasi ndogo unaondoa mti kila mahali pasipotakiwa wino. Mistari inabaki imeinuka. Wino ukipakwa unashika pale palipoinuka tu. Karatasi inalazwa juu, mtambo unakandamiza, na picha inatoka. Ulichokiondoa kinakuwa cheupe, ulichokiacha kinakuwa cheusi. Tena picha hutoka imegeuka, wa kulia anakuwa wa kushoto, hivyo mchongaji hufikiri kinyumenyume kama anayejitazama kiooni. Na patasi ikiteleza, basi! Mti hauna kifutio. Kwa upande mwingine, kibao kimoja hutoa nakala nyingi, na ndiyo maana Rink alitaka vibao. Picha ya rangi huonwa na waliomo chumbani, lakini chapa hufika kila kijiji.

(Wakati mwingine chapa hizi huchanganywa na zile za Wainuiti wa Kanada, ambazo ni maarufu zaidi. Hizo zilianza karibu miaka 100 baadaye, kijijini Kinngait, mwaka 1957. Inasimuliwa kuwa mchongaji mmoja, Osuitok Ipeelee, alitazama pakiti za sigara zenye kichwa cha baharia, akashangaa kuwa mtu gani anachoka namna hii kuchora kichwa kile kile kila pakiti. James Houston, mgeni aliyekuwa akiishi nao, akamweleza habari ya chapa, na mwaka 1958 akaenda Japani kujifunza zaidi. Huko Kinngait walichonga hasa kwenye jiwe. Turudi kwa Aron.)

Vibao vya Aron vilipelekwa Nuuk, ambako Rink alikuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa nyumbani mwake. Waliouendesha ni Kalaallit wawili, Rasmus Berthelsen, mwalimu na mtunzi wa nyimbo za kanisani, na kijana Lars Møller. Lars alizaliwa Desemba 1842. Kwa hivyo kitabu cha kwanza kilipotoka mwaka 1859 alikuwa na miaka 16, rika letu sisi wa kidato cha tatu. Vitabu vilikuwa vinne, vya mwisho akatoka 1863, na jina lake ni Kaladlit Okalluktualliait, yaani hadithi za Kalaallit. Ndani yake lugha ya wenyeji ilitangulia, na Kidenmaki kikafuata.

Katika picha zote za Aron iko moja ambayo ukiiona huisahau. Mtu amesimama ameinua juu mkono wa mtu mwingine uliokatwa, na mwenye mkono amelala chini, amekufa. Bila ngano yake picha hii ni ukatili tu. Sikilizeni ngano.

Karibu mwaka 985 walifika Greenland watu kutoka Aisilandi, wazao wa wale mabaharia wa Norwe waitwao Wavaikingi. Walifuga ng'ombe na kondoo, wakajenga mashamba na makanisa kusini mwa kisiwa. Kalaallit waliwaita kwa jina lile lile walilowaita Wadenmaki, qallunaat. Ngano yasema kwamba mwenyeji mmoja alipita karibu na makazi yao akiwa katika kayaki, akijaribu mkuki wake mpya wa kuwindia ndege. Mgeni mmoja aliyekuwa akiokota kombe ufuoni akamchokoza, arushe aone kama atampata. Mwenyeji alikataa. Yule akazidi kusisitiza. Mkubwa wa wageni, Ungortoq, akaja akasema ikiwa anataka sana hivyo, basi na arushiwe. Mkuki ukarushwa, mtu akafa pale pale. Ungortoq hakumlaumu mwenyeji, akasema amefanya tu alivyoambiwa.

Ngano ingeweza kuishia hapo kwa amani. Lakini baadaye mwenye kayaki yule yule alirudi, akamkuta mwingine anaokota kombe, na safari hii akamuua bila kuombwa. Naona hapa ndipo uzuri wa ngano hii ulipo. Kalaallit hawakujifanya malaika. Wanakiri wenyewe kwamba kosa la pili lilikuwa lao, na ndilo lililoleta balaa.

Wageni wakalipiza kisasi majira ya baridi, bahari ilipokuwa imeganda. Wakawaua watu wa kijiji kizima isipokuwa ndugu wawili, Qasapi na mdogo wake, waliokimbia juu ya barafu. Nyayo za viatu vya mdogo zilikuwa zinateleza. Akaanguka. Ungortoq akamuua, akamkata mkono, akauinua juu na kumwambia Qasapi kuwa maadamu yu hai hatamsahau ndugu yake. Qasapi hakuwa na silaha. Akaenda zake.

Aliporudi, alikuja na wenzake katika mashua iliyofunikwa kwa ngozi zilizofanywa nyeupe, ili kwa mbali ionekane kama kipande cha barafu kinachoelea. Wageni waliona, wakabishana kama ni watu au ni barafu, wakakubaliana kuwa ni barafu tu. Wenyeji wakasheheneza vichaka vikavu kwenye njia ya kuingilia nyumba, wakawasha moto. Ungortoq akaruka dirishani akiwa amembeba mwanawe mdogo, na alipoona anafikiwa akamtupa mtoto majini ili akimbie upesi zaidi. Qasapi alimwandama kutoka mahali hadi mahali, hadi alipompata na kumpiga kwa mshale. Akamkata mkono, akauinua, akamrudishia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Hicho ndicho kitendo alichokichonga Aron.

Je, ndivyo ilivyotokea kihistoria? Wataalamu wengi hawaamini kwamba wageni hao walimalizwa kwa vita. Habari yao ya mwisho iliyoandikwa ni ya harusi iliyofungwa mwaka 1408 katika kanisa la Hvalsey, ambalo kuta zake za mawe zingali zimesimama karibu na mji wa Qaqortoq. Katika karne hiyo hiyo walitoweka. Hutajwa baridi iliyozidi, biashara ya pembe iliyodorora, na meli zilizoacha kuja. Waliotoweka hawakuacha maandishi kuhusu mwisho wao. Waliobaki kusimulia ni Kalaallit, na walisimulia kwa zaidi ya miaka 400 bila karatasi.

Hebu fikirieni basi. Mtawala anaruhusu ichapwe, tena chumbani mwake, hadithi ya wenyeji kuichoma nyumba ya mzungu, pamoja na picha! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi naona hata mkubwa astahili yake. Rink alikuwa afisa wa koloni, na hilo halifutiki. Lakini aliomba ngano, na alipopewa ngano isiyompendeza mtu wa kwao, hakuirudisha.

Kazi ile haikuishia kwenye vitabu. Tarehe 1 Januari 1861 mtambo ule ule ulitoa gazeti, Atuagagdliutit, kwa lugha ya Kalaallisut. Yule kijana Lars Møller alipelekwa Denmaki akasomea uchapaji, na kuanzia 1874 akawa mhariri wake hadi 1922.

Aron hakuyaona hayo yote. Alikufa tarehe 12 Machi 1869, hajatimiza miaka 47. Picha zake za rangi zilikwenda Copenhagen, zikahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Denmaki, na kwa miaka mingi walioziona walikuwa wachache. Mwaka 1968 Eigil Knuth alizitolea kitabu. Mwaka 1979 Greenland ikapata serikali yake ya ndani, na mwaka 1982 makumbusho yale yakazirudisha nyingi, za Aron pamoja na za Jens Kreutzmann, mwenyeji mwingine aliyeitikia ile barua ya Rink. Sasa zimo katika makumbusho ya Nuuk. Kangeq yenyewe, kule zilikochorwa, ilihamwa miaka ya 1970, na leo ukifika kwa boti unakuta nyumba chache zisizo na wakazi na bahari ile ile ya sili mbele yake.